Gari Lililotumika kwa Familia Changa ya Unguja na Pemba: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Gari la Kazi na la Raha

Vespa ilitutosha mimi na mke wangu mpaka mtoto wetu wa kwanza alipoanza kutembea. Alipozaliwa wa pili tulinunua gari, na tulilinunua vibaya: tuliitazama rangi, tukaisikiliza injini kwa dakika mbili, tukalipa. Masika yalipoingia, maji yakaanza kutuama chini ya zulia upande wa abiria, na fundi alipolifunua zulia hilo tuliiona barabara kupitia sakafu ya gari. Kutu ilikuwa imezibwa kwa puti, kisha ikafichwa kwa lami nyeusi inayopakwa chini ya gari. Fedha tulizotumia kuchomelea mabati mapya zingetosha kutupatia gari bora zaidi tangu siku ya kwanza.

Ninawaandikia mume na mke walio katika hali ile tuliyokuwa nayo sisi: wana fedha za kiasi, wana watoto wadogo, na wanahitaji gari litakalowafikisha skuli, chuo cha Kurani, sokoni na hospitali bila ya usumbufu, lakini pia wanataka gari litakalowatia hamu ya kutoka siku ya mapumziko kwenda shamba au pwani. Haja hizi mbili zinaweza kukutana katika gari moja, iwapo mtakubali kwamba katika visiwa vyetu hali ya gari ni jambo kubwa kuliko jina lake, na kwamba adui wa kwanza wa gari hapa ni chumvi.

Hatua ya kwanza: ziandikeni safari zenu

Kabla ya kwenda kutazama gari lolote, chukueni daftari na kwa wiki mbili muandike kila safari mnayoifanya au mliyotaka kuifanya mkashindwa: mahali, idadi ya watu, mizigo, na aina ya barabara. Familia inayoishi Fuoni na kufanya kazi mjini hutumia muda mwingi katika foleni na katika njia za ndani zenye mashimo, na mara moja kwa wiki huenda kuwatazama wazee Makunduchi au Mkokotoni kwa barabara ya lami. Familia ya Wete husafiri kwenda Chake Chake kwa barabara yenye vilima na kona nyingi, na ikitaka kwenda Vumawimbi hupita msitu wa Ngezi kwa njia ya udongo ambayo wakati wa mvua hubadilika kabisa. Hawa wawili hawahitaji gari moja.

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na Pemba ni fupi zaidi. Maana yake ni kwamba injini kubwa ya kukimbilia masafa marefu haina kazi hapa, na mwenye injini ya sentimita za ujazo 1,500 hatapungukiwa na kitu chochote isipokuwa gharama za mafuta. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimewaona vijana wengi wakinunua gari la injini ya lita tatu kwa fahari, kisha likakaa chini ya mwembe kwa kukosa mafuta huku watoto wakienda skuli kwa daladala.

Hatua ya pili: igaweni fedha kabla ya kuitumia

Fedha mliyonayo si bei ya gari. Ondoeni kwanza gharama za kuhamisha umiliki, bima, leseni ya njia na, kwa walio Pemba wanaonunua Unguja, gharama ya kulisafirisha gari kwa meli hadi Mkoani. Kisha tengeni sehemu moja katika tano ya kilichobaki kwa matengenezo ya miezi mitatu ya mwanzo, kwani gari lililotumika, hata lililo zuri, litadai oili, vichujio, breki, betri na pengine matairi. Mnachobaki nacho baada ya hapo ndiyo bei ya gari lenu. Wanaonunua kwa utaratibu wa murabaha, ambao benki hulinunua gari na kuwauzia wateja kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo, nao wafanye hesabu hiyo hiyo, maana marejesho ya kila mwezi hayaingojei gari itoke gereji.

Hatua ya tatu: anzeni na watoto

Nendeni kutazama gari pamoja na watoto na pamoja na kiti cha mtoto mtakachokitumia, na mkifunge humo humo mbele ya muuzaji. Hapo mtayaona mambo ambayo picha hazionyeshi. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana mkanda wa kiunoni tu katika nafasi ya katikati ya kiti cha nyuma, na mkanda huo haufai kwa kiti cha kumnyanyulia mtoto mkubwa, ambacho kinahitaji mkanda unaopita begani. Magari mapya zaidi huwa na vyuma maalumu vya kufungia kiti cha mtoto, vilivyojificha katikati ya makalio na mgongo wa kiti; pitisheni mkono muvitafute. Hakikisheni kwamba mikanda yote inavutika, inajikaza ikivutwa kwa ghafla, na inarudi yenyewe. Kamwe msimuweke mtoto mchanga katika kiti kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa wa kinga ya ajali (airbag) unaofanya kazi. Mfuko huo ukifumuka unaweza kumuua.

Jambo jingine ambalo wazazi wachache hulifikiria ni madirisha. Katika baadhi ya magari ukingo wa dirisha la nyuma uko juu mno hata mtoto wa miaka minne haoni kitu isipokuwa mawingu, na mtoto asiyeona nje huchoka, hulia na hutapika. Wakalisheni nyuma muwaulize wanaona nini. Mtoto anayeweza kuhesabu minazi na ng'ombe kutoka Dunga mpaka Chwaka amekwisha kuifanya safari yenu kuwa ya furaha, na hilo halina gharama.

Hatua ya nne: chagueni aina

Kwa familia ya watu wanne inayokaa zaidi mjini, mimi ningeanza kutazama Toyota Ist ya mwaka 2002 hadi 2007 na Honda Fit ya miaka hiyo hiyo. Ist iko juu kidogo kuliko gari dogo la kawaida, injini zake za 1,300 na 1,500 zinatumia cheni badala ya mkanda wa ndani (timing belt) unaoendesha vali za injini, na mafundi wengi wanaifahamu. Fit ina viti vya nyuma ambavyo makalio yake hunyanyuka juu kabisa, ukapata nafasi ya kusimamisha baiskeli ya mtoto au mkungu wa ndizi. Udhaifu wa Fit ni giaboksi yake ya mkanda (CVT), ambayo ikitiwa hydroliki ya kawaida badala ya ile yake maalumu huanza kutetemeka wakati wa kuondoka. Anayependa kuendesha kwa dhati aijaribu Suzuki Swift iliyoanza kutoka mwaka 2004: steringi yake ni nyepesi na ya kweli, nayo hutulia kwenye kona kuliko nyingi za ukubwa wake, lakini buti lake ni dogo kiasi kwamba kigari cha kumsukumia mtoto kinalijaza.

Suzuki Escudo ya milango mitano, ile iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990 mpaka mwaka 2005, ndiyo ninayoipenda kwa familia inayotoka mjini mara kwa mara, na sioni haya kusema hivyo. Imejengwa juu ya chesisi kamili, ina gia ya chini ya kuongeza nguvu ya kuvuta kwenye mchanga na matope, na kukaa kwake juu huwapa watoto mandhari nzuri. Raha yake ni kwamba njia ya shamba haikutii hofu tena. Lakini ni lazima nitaje ubaya wake: inakunywa mafuta zaidi ya gari ndogo, inayumba kwenye kona za haraka, na mlango wake wa nyuma hufunguka kwa upande, kwa hiyo unahitaji nafasi unapoegesha. Injini yake ya lita mbili ina cheni. Ile ya 1,600 ina mkanda wa ndani ambao lazima uulizie ulibadilishwa lini. Pia ieleweke kwamba gari la namna hii halipaswi kuendeshwa kwa magurudumu manne kwenye lami kavu, kwa kuwa mitambo yake hukazana na kujiumiza.

Toyota RAV4 ya mwaka 2000 hadi 2005 ni tulivu zaidi barabarani kuliko Escudo na ndani yake kuna nafasi nzuri. Yenye injini ya 1,800 huvuta kwa magurudumu ya mbele tu, nayo inatosha kwa wengi. Yenye lita mbili za mfumo wa D4, unaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ina nguvu zaidi, lakini mfumo huo hudai petroli safi na hukusanya masizi, hivyo injini ikitetemeka wakati gari limesimama, msilinunue kwa kuambiwa kwamba ni plagi tu. Familia yenye watoto watatu au inayoishi na bibi itazame Toyota Wish au Sienta, ambazo zina safu tatu za viti, au Noah ya mwaka 2001 na kuendelea yenye viti vinane. Milango ya kusukuma ya Sienta na Noah ni neema kubwa katika vichochoro vyetu, maana mtoto haufungui mlango ukagonga ukuta wa jirani.

Suzuki Jimny ni gari la furaha tupu, na vijana wengi hulitaka. Mengi yake yaliyotumika yana milango miwili. Baada ya mwezi mmoja wa kuinama kumuingiza mtoto mchanga nyuma, mgongo wako utakushauri vingine.

Hatua ya tano: mahali pa kununua

Kuna njia tatu. Kuagiza kutoka Japani huwapa wanunuzi nafasi ya kuiona karatasi ya mnada, yaani ripoti ya mkaguzi wa mnada kuhusu hali ya gari, na karatasi hiyo ndiyo ushahidi bora kuliko maneno ya mtu yeyote. Alama ya jumla ya 4 au 4.5 ni gari zuri; 3.5 ni la kawaida. Herufi R au RA inamaanisha kwamba gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Katika mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipotengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na S ni kutu, ambapo C ni kutu iliyokula zaidi. Kwa mnunuzi wa Zanzibar, S na C ndizo za kutafutwa kwanza. Magari yaliyoishi Hokkaido na sehemu za kaskazini za Japani hupita barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na gari lililoanza kuliwa na chumvi huko litamalizwa na chumvi ya huku. Takeni pia hati ya kufutwa usajili, kwani huonyesha kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wa huko, na kabla ya kutuma fedha ombeni hesabu ya ushuru na kodi kwa maandishi.

Kununua katika yadi ya mjini kuna faida ya kuliona na kulijaribu gari, na ulizeni karatasi ya mnada hapo pia. Kununua kwa mtu kunaweza kuwa na nafuu kubwa ya bei, hasa kwa gari ambalo mmiliki wake ni mmoja tangu liliposhushwa bandarini. Dalali msimchukie, kwani anayajua magari ya mtaa mzima. Hata hivyo kaguzi zenu zisifanywe na fundi aliyeletwa naye.

Hatua ya sita: itafuteni kutu kwa bidii

Hapa ndipo ninapoomba subira yenu, maana ndipo tulipopotea sisi. Upepo wa bahari huibeba chumvi mpaka uani mwa nyumba, unyevu huifanya ishike kwenye chuma, na joto huharakisha kazi yake. Gari lililolala miaka mitano Nungwi au Jambiani, pwani, si sawa na lililolala Dunga, katikati ya kisiwa, hata kama kilomita zao zinalingana. Ulizeni lilikuwa likiegeshwa wapi.

Chukueni sumaku ndogo, muifunge kwa kitambaa laini isikwaruze rangi, na muipitishe polepole chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na pembeni mwa buti. Mahali inapoacha kushika pana puti, na chini ya puti mara nyingi pana tundu. Kisha nyanyueni zulia la buti, mtoe tairi la akiba na kutazama shimo lake. Maji yaliyotuama hapo au mistari ya matope hueleza kwamba gari linavuja au limewahi kuzama. Vuteni mikanda ya viti mpaka mwisho wake, kwani anayesafisha gari lililofurika husahau kusafisha sehemu ya mkanda iliyojikunja ndani. Sote tunakumbuka namna maji ya masika yalivyowahi kuifunika barabara ya Mwanakwerekwe; magari yaliyozama hayakutupwa, yaliuzwa.

Baada ya hapo mpelekeni fundi wenu, na gari lipandishwe juu. Aguse kwa bisibisi chesisi, sehemu zinazoshika shokapu, na vyuma vinavyobeba injini. Bisibisi ikizama, ondokeni. Kutu ya juu juu kwenye ekzosi ni ya kawaida na haina haja ya kuwaogopesha. Lakini mabomba membamba ya breki yakiwa yamefura kwa kutu, yabadilishwe kabla ya mtoto yeyote kupanda. Chini kote kukiwa kumepakwa lami nyeusi mpya inayong'aa, muulizeni muuzaji kwa nini, na kama hana jibu la kueleweka, msiwe na haraka.

Wakati bora wa kununua ni masika. Wengi huahirisha mpaka mvua zishe, nami ninashauri kinyume chake: gari linalovuja, lenye taa zinazoingia maji au injini inayokataa kuwaka asubuhi ya mvua haliwezi kujificha mwezi wa Aprili.

Hatua ya saba: liwasheni likiwa baridi, mliendeshe likiwa moto

Mwambieni muuzaji asiliwashe kabla hamjafika, na mkifika wekeni mkono juu ya boneti. Mkiigeuza swichi, taa ya injini na ya mfuko wa hewa lazima ziwake, kisha zizime injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa balbu ili kuficha tatizo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, moshi mweupe usiokoma ni maji yanayoingia ndani ya injini, na mweusi ni petroli inayozidi. Fungueni kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi: maji yenye mafuta juu yake ni sababu ya kurudi nyumbani.

Kisha liendesheni kwa muda usiopungua nusu saa. Piteni katika njia yenye mashimo msikilize bushi na bolijointi, mpande kilima, kwa Unguja mpando wa Masingini unafaa, na mshike breki kwa nguvu mahali pasipo na watu kuona kama gari linavuta upande. Giaboksi ya otomatiki ibadilike bila kupiga teke, na ikitiwa rivasi isichelewe. Kiyoyozi kiachwe kikifanya kazi muda wote huo, kwani katika joto la kaskazi mtoto mchanga ndani ya gari lisilo na kiyoyozi hupata tabu ya kweli. Yatazameni matairi: tarakimu nne pembeni mwake hueleza tarehe yake, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozidi miaka sita au lenye nyufa lihesabiwe kuwa la kubadilishwa, hata kama meno yake bado ni marefu.

Mume na mke, kila mmoja aendeshe. Gari ambalo mmoja wenu analiogopa litakuwa la mtu mmoja, na familia itakuwa nusu tu imenunua gari. Na hapo jiulizeni swali la raha bila ya kuona aibu: je, mlipokuwa mkirudi mlitamani kuzunguka mara moja zaidi? Mkijikuta mmenyamaza na kutazama saa, gari hilo ni la kazi tu, na lipo jingine.

Hatua ya nane: karatasi

Linganisheni nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu, na jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayeuza. Fikeni Mamlaka ya Mapato Zanzibar kuhakikisha kwamba gari halina deni. Mkataba uandikwe, usainiwe mbele ya wakili au sheha pamoja na mashahidi wa pande zote mbili, na umiliki uhamishwe mara moja badala ya kuachwa mwaka mzima kwa jina la mtu mwingine. Mkiwa na nia ya kulihamishia gari Tanzania Bara siku za mbele, ulizeni taratibu na gharama zake mapema. Kwa gari la thamani kubwa kateni bima kubwa. Bima ndogo hulipa madhara ya wengine na si ya gari lenu.

Hatua ya tisa: mwezi wa kwanza

Badilisheni oili ya injini, vichujio vyote, maji ya breki na, kwa ushauri wa fundi anayeijua aina hiyo, hydroliki ya giaboksi. Endapo historia ya mkanda wa ndani haijulikani, badilisheni bila ya kusubiri. Redio ya Kijapani ya magari ya miaka hiyo hupokea masafa ya FM ya megahezi 76 hadi 90, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa hazitasikika mpaka fundi wa redio afunge kifaa kidogo cha kupanua masafa, kazi ambayo kwetu ilibadilisha safari zote.

Mkienda pwani, msiliegeshe gari mahali panapofikiwa na maji kujaa. Iwapo lazima mpite mchangani, punguzeni upepo wa matairi hadi pauni 18 hivi, mwende polepole bila ya kukata kona kali, na mjaze tena mkifika lami. Jioni hiyo hiyo, kabla ya kuingia ndani kuoga, chukueni mpira wa maji ya bomba na kulisafisha gari chini, ndani ya matao ya magurudumu na nyuma ya bampa, mpaka maji yanayodondoka yawe safi. Kwetu kazi hiyo wameichukua watoto. Mmoja hushika mpira, mwingine hulala juu ya jamvi kutazama chini na kupiga kelele akiona mchanga umebakia.